Namba Iliyoshuka Begani

Don Hernán mwenye duka hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulikuwa mbele ya akili yake. Alhamisi ile doña Rubiela aliingia dukani na binti yake Yamile kununua panela, sukari guru ya miwa, na mishumaa. Don Hernán akawahudumia kwanza wote waliokuja nyuma yao, kisha akapangusa mikono, akainama, akatoa chupa ya aguardiente, pombe kali ya miwa, chini ya kaunta na kuisimamisha mbele ya yule mama.

"Mpelekee don Gildardo," alisema. "Siku hizi haji kuichukua mwenyewe. Labda anaona haya."

Wacheza domino waliokuwa pembeni wakacheka, si kwa nguvu, kicheko kile cha kujificha nyuma ya mkono ambacho huuma zaidi.

"Mume wangu hajagusa pombe miaka kumi na moja, na wewe Hernán unajua."

"Nilikuwa najua, jirani. Sasa sijui tena. Mtu asiyelewa anasahauje kutia dawa kwenye maji ya watoto?"

Doña Rubiela aliiacha panela pale pale akatoka, shingo wima, mkoba umebanwa kwapani. Yamile alibaki nyuma. Nyumbani panela ilikuwa imekwisha, na fahari haikorogwi ikanyweka. Akalipa, akachukua mzigo wake, na alipofika mlangoni akasikia domino zikianza tena kugonga meza.

Maneno ya don Hernán hayakuzuka hewani. Juma lililotangulia, baada ya mvua kubwa kuuchafua mto, watoto wa shule ya kijiji cha El Yarumo walianza kuharisha na kutapika, mmoja baada ya mwingine. Watu wazima walinusurika kwa sababu huko milimani mtu mzima hanywi maji matupu. Hunywa aguapanela, na panela haiyeyuki bila maji kuchemka. Watoto ndio wanaoinamia bomba la shule na kunywa kwa viganja. Wengi walishushwa hospitali ya mjini. Emanuel, mtoto wa Sorelly, alirudishwa akiwa hai lakini amebaki macho tu. Wakaguzi wa afya walipima maji ya tangi wakasema klorini iliyomo ni nusu tu ya ile iliyotakiwa. Wakaamuru kila nyumba ichemshe maji, wakaondoka. Walichokiacha nyuma ni swali moja, na kila mtu kijijini alikuwa na jibu lake: mwenye funguo za tangi ni nani? Don Gildardo, fundi wa maji. Na don Gildardo zamani alikuwa nani? Mlevi.

Jumapili baada ya misa kamati ya maji ingekaa kuamua kama atanyang'anywa funguo.

*

Mama na binti walimkuta don Gildardo amekaa jikoni kwenye benchi, miwani puani, kitabu cha maji mapajani. Kitabu chenyewe alikuwa amekivika nailoni tangu siku alipokipata ili ukungu wa mlimani usikile. Nyuma ya kitabu, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mwandishi, na jina hilo don Gildardo alikuwa amelionyesha kwa kidole kwa kila mtu wa El Yarumo aliyekubali kusimama. *Yamile Cardona.* Binti yangu, alikuwa akisema. Huyu huyu aliyekuwa akichunga mbuzi pale.

Kazi ya Yamile haikuwa rahisi kuieleza kijijini. Kampuni moja ya jiji la Medellín ilikuwa imetengeneza programu ya kompyuta kwa ajili ya kamati za maji za milimani: unaingiza ukubwa wa tangi, inakwambia utie klorini kiasi gani. Yamile ndiye aliyeandika maelezo yake. Alifanyia kazi chumba cha nyuma, antena juu ya bati, na jioni watoto wa jirani walijipanga ukutani nje kuvizia intaneti na kumuuliza hesabu za shule. Maelezo aliyaandika mara moja tu, kisha mashine ikayatoa kwa sura tatu: ukurasa wa kusoma kwenye tovuti, msaada uliomo ndani ya programu yenyewe, na kitabu cha kuchapwa kwa ajili ya siku ambazo umeme umekatika. El Yarumo mvua ikinyesha umeme hukatika, na mvua hunyesha.

"Kaa hapa nikuulize," alisema don Gildardo. "Nimerudia hesabu mpaka kichwa kinawanga. Hili tangi jipya kipenyo chake mita nne, sivyo? Nililipima mwenyewe, mama yako kashika ncha ya pili ya kamba."

"Ndivyo, baba."

"Tangi la zamani nilikuwa natia makopo mawili, basi, sikuhitaji kitabu. Hili jipya sikutaka kubahatisha. Kitabu kinasema chukua namba hii ya duara, halafu d, halafu mbili, halafu kimo. Na d umeeleza hapa chini kwamba ni kipenyo. Haya. Nne mara mbili, nane. Nimefuata kama nafuata misa. Nimekosea wapi, mwanangu?"

Yamile akasogeza kitabu karibu na dirisha. Herufi d ilikuwa pale, na kando yake, kwenye mstari ule ule, kwa unene ule ule, mbili. Zimesimama pamoja kama ndugu wawili mlangoni. Hiyo mbili haikutakiwa kuwa pale. Alivyoiandika yeye ilikuwa namba ndogo, imepanda begani mwa d, ikimwambia msomaji azidishe kipenyo kwa kipenyo. Nne mara nne, kumi na sita. Baba yake alikuwa amepata nane, na kwa nane hiyo alikuwa ametia klorini nusu. Hakukosea hata kidogo. Alisoma kilichoandikwa.

Neno "hujakosea" lilifika mpaka kwenye meno ya Yamile, likarudi.

"Niachie kwanza," alisema. "Nikaangalie."

*

Kwenye tovuti kila kitu kilikuwa sawa. Namba ilikuwa begani, imekaa vizuri. Ndani ya programu vilevile. Ni kwenye kitabu tu ilikoanguka, na Yamile alijua kwa nini kabla hajatafuta.

Mashine ile, kila ilipotengeneza kitabu, ilikuwa ikitoa maonyo ya njano: mstari huu mrefu mno, picha hii pana mno, ukurasa huu umebaki wazi. Karibu yote yalikuwa upuuzi, na yalimchosha kama mbwa wa jirani anayebwekea upepo. Ijumaa moja, kazi ikisubiriwa na kila mtu akitaka kwenda kwao, aliandika amri fupi ya kuyanyamazisha. Akaufungua ukurasa wa tovuti, akaona umependeza, akapeleka. Kitabu hakukifungua. Nani anafungua kitabu wakati tovuti imependeza? Wenzake wote walifanya hivyo, na hilo halikumfariji.

Sasa aliiondoa ile amri, akaacha mashine iseme. Maonyo yakamiminika, na katikati yake, mdogo kama mengine, onyo moja: kanuni hii imeshindikana kuchorwa, imeandikwa kwa herufi za kawaida. Lilikuwa likisema hivyo tangu siku ya kwanza.

Alirekebisha. Haikumchukua hata muda wa kuchemsha chokoleti. Akakitoa kitabu upya, akakifungua safari hii, akaona namba imerudi begani, akakiweka kwenye tovuti mahali pa kile cha zamani. Ndipo akampigia Mauricio, mkuu wake.

"Yami! Niambie."

"Kuna kosa kwenye kitabu cha kuchapwa. Kipeo cha pili kimeshuka chini."

"Kwenye tovuti je?"

"Tovuti iko sawa."

"Umesharekebisha?"

"Ndiyo."

"Basi wewe malaika, unalia nini? Andika tu marekebisho madogo ya uchapaji, tusonge mbele. Juma lijalo nina wateja wapya, sitaki waanze kunichimba na makosa."

Yamile alitaka kumwambia: Mauricio, watoto wameugua. Maneno aliyapanga kabisa. Lakini alifikiria mshahara wake, unaolipia dawa za kisukari za mama yake na bati lile juu ya vichwa vyao, akasikia mdomo wake unasema, "Sawa." Kisha vidole vyake, bila kutetemeka, vikaandika kwenye kumbukumbu ya mabadiliko: marekebisho madogo ya uchapaji. Mtu hahitaji panga kumdhulumu baba yake. Maneno manne yanatosha.

Jioni walikula maharage kwa arepa, vile vimkate vya mahindi. Don Gildardo alimega, akamtazama binti yake.

"Umeona nilipokosea?"

"Bado naangalia, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akamshukuru. Akamshukuru! Yamile akainamia sahani yake na kula maharage yote mpaka la mwisho, kwa sababu asingekula wangemuuliza.

*

Ijumaa doña Rubiela alimfunga kuku miguu, akamkabidhi Yamile ampeleke kwa Sorelly, wamtengenezee mtoto supu. Sorelly alikuwa mlangoni akianika nguo. Alimwangalia kuku, akamwangalia Yamile.

"Mrudishe."

"Ni wa Emanuel."

"Emanuel wangu anakula kwetu. Wewe sina neno na wewe, Yamile. Wewe ndiye uliyenifundishia mkubwa wangu hesabu ukutani kwako, Mungu akulipe. Lakini kuku wa nyumba ya Gildardo hapiti mlango huu."

"Niruhusu nimwone mtoto, basi."

Sorelly akasita, akajisogeza kando. Emanuel alikuwa amelazwa kwenye kochi chini ya blanketi, mikono juu, miembamba. Akaomba maji. Mama yake akachukua glasi ya maji yaliyochemshwa, akayachemsha tena, akayapoza kwa kuyamimina huku na huku. Kabla hajampa, akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Hapo ndipo akaanza kumnywesha, kijiko kwa kijiko.

"Kila saa nafanya hivi," alisema bila kugeuka. "Najua maji hayaonyeshi kitu. Lakini mkono haukubali. Alikuwa kesha kuwa baridi, Yamile, mimi nimemshika akiwa baridi. Na yule mzee analala kwake, kalewa."

"Hakulewa."

"Wewe ni mwanawe. Utasema nini?"

Yamile alirudi na kuku chini ya kwapa. Njiani kuku alikuwa anampiga mbavu kwa mbawa, na yeye aliona anastahili.

*

Jumamosi asubuhi don Gildardo alikuwa uani akiigeuza kahawa juani kwa reki ya mbao. Yamile alisimama mbele yake akasema yote: namba, onyo, ile amri ya kunyamazisha, na jinsi Alhamisi alivyorekebisha kimyakimya na kumwacha yeye aendelee kujitafutia kosa. Alisema haraka, asije akajihurumia katikati. Mzee hakuacha kugeuza kahawa mpaka alipofika mwisho wa mkeka.

"Kwa hiyo nne mara nne."

"Nne mara nne, baba. Kumi na sita."

"Basi sikukosea."

"Hukukosea."

Don Gildardo aliisimamisha reki. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetua gunia. Kisha, taratibu, ukakaza tena kwa jambo jingine.

"Ukisema kesho, kampuni itakufukuza?"

"Nadhani. Wanaweza hata kunishtaki, sijui. Lakini kesho nasema, baba. Nimeshaamua."

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Usimwambie kwanza, sukari itampanda." Akachota kahawa kidogo, akaipuliza makapi, akairudisha. "Haya. Nimekusikia."

Hakumkemea. Yamile alikuwa amejiandaa kukemewa kama mtu anavyojiandaa kwa maji ya baridi, na kukosa kukemewa kulimwacha amesimama pale uani hajui mikono aiweke wapi.

*

Jumapili alichelewa kuamka. Moto ulikuwa umeshawaka, arepa zimeshaiva, baba yake amevaa shati jeupe la mazishi na harusi. Walikula, wakashuka kanisani, wakatoka na wengine wote kwenda darasa kubwa la shule, ambako viti vya watoto vilikuwa vimepangwa, vidogo, magoti ya watu yakifika videvuni.

Doña Ligia, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mwanamke wa haki na wa maneno machache. Alifungua kikao, akauliza kama don Gildardo ana la kusema. Yamile akaweka mikono kwenye kiti ajiinue. Baba yake alikuwa amekwisha kusimama, kofia mkononi.

"Ninalo," alisema. "Nilikunywa."

Doña Rubiela akamgeukia mumewe kama mtu aliyeitwa kwa jina si lake.

"Siku ile ya mvua nilikunywa. Nikatia dawa nusu, nikalala. Sina la kujitetea. Sorelly, naomba radhi kwako na kwa wazazi wote." Akafungua mkanda, akachomoa funguo za tangi, akazilaza mezani mbele ya doña Ligia.

"Si kweli!" Yamile alikuwa amesimama, kiti kidogo kimeanguka nyuma yake. "Hajanywa. Kosa ni langu mimi. Alifuata kitabu, na kitabu kilikuwa na kosa, na kitabu nimekiandika mimi."

Watu wakageuka. Akawaeleza, akijitahidi asitumie maneno ya kazini kwake: namba ndogo iliyotakiwa kuwa juu ikachapwa chini, nne mara nne ikawa nne mara mbili. Doña Ligia alisikiliza mpaka mwisho.

"Tuonyeshe, binti."

Yamile akatoa simu, akafungua ukurasa. Don Hernán ndiye aliyekuwa karibu. Akaichukua, akaisogeza mbali na macho.

"Hii hapa d," alisema, "na kijinamba kiko juu. Hata mjukuu wangu anajua hiyo ni d kwa d. Kosa liko wapi?"

"Hiyo ni ya tovuti. Kwenye kitabu cha kuchapwa ndiko kilikoshuka."

"Haya, kitabu kiko wapi?"

Macho yote yakahamia kwa don Gildardo. Yeye alikuwa akitazama kofia yake.

"Nilikichoma. Kilikuwa kimelowa."

Hapo Yamile alikumbuka moto wa asubuhi, na arepa, na harufu ya nailoni ambayo aliisikia na hakuijali. Alikuwa amekula arepa zilizoiva kwa moto ule.

"Si kinaweza kuchapwa kingine?" akasema mwalimu Wilmar, kijana mpole aliyependa mambo yaishe kwa amani. "Umeme leo upo, na printa ya shule ina wino."

"Hapana," alisema Yamile, "mwalimu, ngoja..." Lakini mwalimu alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. Printa ikakoroma, ikafikiri, ikatoa ukurasa polepole, na watu wazima wote wa El Yarumo wakiwa wameketi kwenye viti vya watoto wakausubiri. Mwalimu akauinua. Akauonyesha huku na huku, kama anavyowaonyesha wanafunzi picha. Namba ilikuwa begani.

"Nimeirekebisha," alisema Yamile. "Alhamisi. Nilipogundua, niliirekebisha."

"Aaah," alisema don Hernán, na safari hii hata yeye hakucheka.

"Kuna kumbukumbu! Kila badiliko linaandikwa. Mwalimu, fungua pale chini, tarehe ya Alhamisi. Soma."

Mwalimu Wilmar akatafuta, akapata, akasoma kwa sauti ya darasani: "Marekebisho madogo ya uchapaji."

"Ndiyo hayo madogo yaliyowalaza watoto wetu hospitali?" mtu akauliza kutoka nyuma. Yamile alifungua mdomo, akakuta yeye mwenyewe, Alhamisi, alikwisha kuandika kinyume cha alichotaka kusema.

"Kaa, binti yangu," alisema doña Ligia, na sauti yake ilikuwa laini kuliko watu walivyoizoea. "Tumekusikia. Kila mzazi humu ndani angeomba apate mtoto kama wewe. Lakini baba yako amesema mwenyewe, na amesema kiume. Tusimwongezee aibu kwa kubishana."

Akazivuta funguo upande wake. Kikao kikaisha hivyo. Watu walipokuwa wakitoka, Sorelly alimjia Yamile, macho mekundu, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nisamehe ya kuku," alimnong'oneza. "Baba yangu angekuwa hai, na mimi ningemtetea hivyo hivyo."

Yamile alisimama ndani ya mikono ile, yake mwenyewe imening'inia. Alitamani apigwe kofi.

*

Nyumbani doña Rubiela aliweka sufuria ya aguapanela motoni, akamimina vikombe vitatu, hakuna aliyegusa.

"Kwa nini, baba?" alisema Yamile. "Kwa nini umewaambia vile?"

"Mimi walishanijua mlevi. Wananikumbuka tu, hawajifunzi jambo jipya. Wewe ukifukuzwa utaanza wapi?"

"Lakini wewe hukukosea!"

"Nilikosea." Don Gildardo alivua miwani, akaifuta kwa shati lile jeupe. "Siku ile niliona ndoo ya klorini imebaki nusu. Mkono ukaniambia, Gildardo, hii haitoshi, tangi ni kubwa hili. Nikataka kuuliza. Halafu nikasema, kitabu ni cha mwanangu, amesoma huyu, mimi nani? Nikafunga kifuniko. Niliona fahari, ndiyo. Kwa hiyo na mimi nilikuwa nimelewa, usidhani niliwadanganya sana."

Doña Rubiela alikaa. Alikuwa amemwona mumewe alfajiri akilisha moto kurasa moja moja, akadhani ni magazeti. Sasa alikuwa amejua yote kwa mpigo mmoja, mbele za watu, na mtu angetegemea alie au atukane. Aliuliza tu:

"Kitabu hicho, kilichapwa kimoja?"

Yamile akamtazama.

"Nauliza. Hiyo kampuni yenu, kitabu ilimpa Gildardo peke yake? Au na huko kwingine wanacho?"

Aguapanela ilikuwa ikitoa mvuke katikati ya meza. Yamile alijua vizuri vilikopelekwa vitabu, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyefunga maboksi na kuandika majina ya kamati juu yake, moja moja, milima hii na ile ya ng'ambo ya mto. Tangu Alhamisi alikuwa amefikiria funguo za baba yake, kazi yake, sukari ya mama yake, na macho ya Emanuel. Maboksi yale hayakumpitia akilini hata mara moja. Alidhani alikuwa amefika mwisho wa aibu yake, kumbe alikuwa bado kizingitini.

"Yesu wangu," alisema, akainuka, akaenda chumba cha nyuma.

Namba za simu za kamati zilikuwa kwenye kompyuta. Akaanza na ya kwanza. Wazazi wake walimfuata wakasimama mlangoni. Simu iliita muda mrefu, ikapokelewa na sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake mtoto akilia.

"Shikamoo, mama. Ni kamati ya maji ya Cascajal?"

"Marahaba. Ndiyo, mimi Fabiola. Nani mwenzangu?"

"Kile kitabu cha kupimia klorini bado mnacho?"

"Kiko juu ya friji hapa."

"Naomba ufungue pale penye tangi la duara, unisomee."

Karatasi zikasikika. "Namba ya duara, halafu d, halafu mbili, halafu..."

"Basi. Mama, hiyo si mbili ya kuzidisha. Ni d kwa d. Kitabu kimekosea. Klorini mnayotia haitoshi, msinywe maji hayo mpaka yachemke, na fundi wenu mwambieni apime upya."

"Na wewe ni nani unayesema hivyo?"

"Naitwa Yamile Cardona. Jina langu liko nyuma ya kitabu."

Karatasi zikageuzwa tena. "Eeh. Naliona."

"Kosa ni langu, mama Fabiola. Na nakuomba, kitabu hicho usikichome, usikitupe. Nakuja kukichukua mwenyewe leo hii. Kuna watu hapa kwetu lazima wakione."

"Kosa hilo umeligundua lini, binti?"

Yamile akamwangalia baba yake pale mlangoni, kiuno chake kitupu bila funguo. Don Gildardo alikuwa anamtikisia kichwa: usiseme, usiseme.

"Alhamisi," alisema.

Mtoto aliyekuwa akilia alikuwa amesogezwa karibu na simu, labda amepakatwa, na kilio chake kilikuwa chembamba, cha mtu aliyekwisha kuchoka.

"Huyu mjukuu wangu," alisema doña Fabiola, "ameanza kuharisha jana."